Roho wa Msituni

SEHEMU YA KWANZA

Safari ile haikutangazwa. John Carrington, mwalimu kijana wa misheni ya Yakusu, aliamua ghafla kwenda Yaongama, akaondoka. Hakutanguliza barua wala mjumbe. Alitarajia kuwakuta watu mashambani na wengine mtoni, asubiri kivulini mpaka wazee wapate habari kwamba mundele, mzungu, amekuja.

Alipoingia kijijini akakuta wamekwisha kukusanyika. Mwalimu wa shule alikuwapo, msaidizi wa tabibu alikuwapo, na waumini wa kanisa nao walikuwapo, wote wametulia kama watu waliopewa saa. Carrington akawauliza wamejuaje kwamba anakuja, naye mwenyewe alikuwa hajamwambia yeyote.

Wakamshangaa. Walisikia lokole, wakamjibu.

Msomaji wa Kisangani hahitaji kuelezwa lokole ni nini, ingawa vijana wengi wa Makiso na Mangobo wanaijua kwa sura tu, imewekwa barazani kwa mzee fulani au inauzwa kwa watalii. Basi niwaeleze wao. Ni gogo la mti mwekundu wa jamii ya mninga, limechimbwa tumbo kupitia ufa mmoja mrefu juu yake. Halina ngozi. Ufa una midomo miwili, na fundi anapochimba huuacha mdomo mmoja mnene kuliko mwenzake, ili mmoja utoe sauti ya juu na mwingine sauti ya chini. Mpigaji ana vijiti viwili. Usiku ukiwa mtulivu, au alfajiri kabla jua halijapanda, sauti hiyo hufika kilomita kumi hivi, na kijiji kinachoipokea hukipigia kijiji kinachofuata.

Mto wetu wa Kongo uliyajua haya kabla ya meli ya kwanza ya mvuke. Januari 1877, Henry Morton Stanley alipokuwa akishuka maporomoko ya Boyoma, habari zake zilimtangulia. Alipiga makasia kutwa kucha, na kila alipofika alikuta mikuki na mitumbwi ya vita inamngoja. Yeye pia alitambua kwamba magogo yale yalikuwa yakisema. Kilichosemwa hakukijua.

Baada yake wazungu wengi walipita wakisikia bila kuelewa. Wengine waliandika kwamba ni ishara tu, kama kengele: mlio huu ni vita, ule ni msiba. Carrington alizaliwa mwaka 1914 huko Rushden, katikati ya Uingereza, akafika Kongo mwaka 1938 kwa kazi ya Jumuiya ya Misheni ya Wabatisti. Angeweza kuridhika na maelezo hayo, akarudi Yakusu, kilomita ishirini hivi chini ya mji wetu, akafundisha hesabu mpaka likizo yake.

Lakini kengele haiwezi kusema ni nani anakuja, anatoka wapi, na mkusanyike wapi. Yaongama walikuwa wameambiwa yote hayo na gogo lenye sauti mbili tu. Maelfu ya maneno ya lugha nzima yangewezaje kupenya katika midomo miwili ya mti?

Siku ile Carrington alifanya jambo ambalo mwalimu wa mkoloni hakulizoea. Aliomba afundishwe.

SEHEMU YA PILI

Kosa la kwanza alilogundua lilikuwa kinywani mwake mwenyewe. Kilokele, lugha ya Walokele wa mto huo, au Kikele kama wengine wanavyokiita, ni lugha ya kupanda na kushuka. Wamisionari waliiandika kwa herufi, wakaisoma kwa herufi, na ule mpando wa sauti wakauacha nje ya daftari. Kumbe ndani yake ndimo maana ilimokaa. Herufi za alambaka boili ukizitamka kwa mpando mmoja umesema kwamba mtu aliutazama ukingo wa mto. Ukikosea mpando, umesema alimchemsha mama mkwe wake. Fikirini miaka yote ile ya mahubiri.

Lokole, basi, hupiga mpando wenyewe. Inaacha irabu na konsonanti zote, inabeba sauti ya juu na sauti ya chini vile vile kama zilivyo katika usemi. Hapo ndipo tatizo jingine linapozaliwa, maana maneno mengi yana mpando uleule. Ukipiga sauti mbili za juu, msikilizaji wa ng'ambo atajuaje kama umesema mwezi au kuku?

Hapa ndipo wazee wa mto walipofanya kazi ya akili ambayo mimi naihesabu pamoja na kazi kubwa za binadamu popote pale. Hawakupiga neno pekee. Kila neno walilivika sentensi yake, inayojulikana na wote, isiyobadilika. Mwezi hautajwi peke yake: ni mwezi unaoitazama ardhi kutoka juu. Muhogo ni muhogo unaobaki katika shamba lililolazwa. Maiti hulala chali juu ya madongoa ya udongo. Kumwambia mtu asiogope, unamsihi aurudishe moyo wake chini, autoe kinywani, aushushe mahali pake. Neno moja la mdomo likawa, kwa hesabu ya Carrington, maneno manane hivi ya lokole. Ule urefu ambao mgeni aliudhani mbwembwe ndio uliozuia ujumbe usipotee njiani.

Alijifunza kwa miaka. Alikaa na wapigaji, akaandika, akakosea, akasahihishwa. Nao wakampa jina, kwa sababu kwenye lokole mtu asiye na jina haitiki. Jina la lokole linafuatana na la baba na kijiji cha mama, hata kumwita mtu mmoja kunaweza kuchukua muda wa kutosha kumenya ndizi. La Carrington lilianza kwa kumtambulisha kuwa ni mzungu, halafu likaongeza: roho wa msituni.

Wazee walikuwa na sababu ya kumwita hivyo, na walimweleza kila aliyeuliza. Yule si mzungu hasa, walisema. Alikuwa mtu wa kijiji chao, akafa, na roho zikakosea njia zikampeleka mbali, kwenye kijiji cha watu weupe, akaingia katika tumbo la mama mweupe. Kwa kuwa ni wao, hakuweza kusahau kwao, akarudi. Na kama mikono yake ni mizito kwenye lokole, basi ni kwa malezi duni aliyopewa na wazungu.

Mimi naiamini heshima iliyomo katika maneno hayo. Kati ya mamia ya wageni waliopita mtoni wakitawala, wakihubiri, wakipima na kuhesabu watu, mmoja alikuja akakaa kama mwanafunzi, na wazee wakaona hapana budi awe ndugu aliyepotea. Hawakuwa na maelezo mengine ya mzungu anayesikiliza.

Lakini kufa na kurudi si mambo ya mzaha kwa Walokele. Vizazi na vizazi vijana wao walipitia libeli, jando la msituni lililofungwa kwa kiapo. Waliingia huko kama watu wanaokwenda kufa, wakatoka kama waliofufuka, wakiwa na siri ambazo mama zao hawakuruhusiwa kuzijua. Misheni ya Yakusu ililipiga vita jando hilo tangu siku zake za mwanzo. Walimu wa Injili waliona linawanyang'anya wanafunzi. Wazee waliona shule inawanyang'anya watoto.

Na sasa mwana wa misheni hiyohiyo alikuwa amekaa na wazee, kalamu mkononi, akiuliza habari za lugha iliyotumika jandoni, lugha isiyosemwa mbele ya asiyeingia. Walimjibu. Mwaka 1947 makala yake kuhusu lugha ya jando la Walokele ilichapishwa katika jarida la wataalamu wa mambo ya Afrika. Siri ya msitu wa Tshopo ikawa imeandikwa na mtu aliyetumwa kuja kuizima.

Sijui msomaji unalipokeaje hilo. Wako wanaosema wazee walimwamini mno. Mimi nasema wazee waliona mbele: vijana wao walikuwa shuleni, na kijana anayejifunza kusoma saa kumi na mbili asubuhi hana nafasi ya kukaa na mpigaji wa lokole saa hiyohiyo. Walichagua karatasi kwa sababu masikio yalikuwa yanapungua.

Ila kuna jambo Carrington asingeweza kulijua. Septemba 1939, mwaka mmoja tu baada ya yeye kuondoka Uingereza kuja kuhubiri kwenye misitu yetu, Mwingereza mwenzake wa miaka hamsini na mitano alikuwa ndani ya nyumba moja kando ya msitu wa kwao, New Forest. Walikuwa wamemvua nguo zote. Na katikati ya kiapo alichokuwa akila, hakujua bado kwamba ni kiapo cha wachawi.

SEHEMU YA TATU

Jina lake lilikuwa Gerald Gardner, na alizaliwa tarehe 13 Juni 1884 katika familia ya wafanyabiashara wa mbao karibu na Liverpool. Pumu ilimsumbua tangu utoto, kwa hiyo wazazi walimkabidhi kwa yaya aliyemzungusha kwenye nchi za joto: visiwa vya Kanari, Madeira, hata Accra. Shule hakusoma; kusoma alijifundisha mwenyewe. Akakulia kwenye mashamba ya chai ya Ceylon, kisha mpira huko Borneo na Malaya, mwishowe afisa wa forodha. Popote alipokaa aliwafuata wenyeji, akauliza habari za mizimu, pepo na majambia yenye nguvu. Mwaka 1936 alichapisha kitabu juu ya silaha za Wamalaya, na mwaka huohuo akastaafu.

Ona sasa njia ya mtu huyu. Maisha yake yote aliona watu wa mbali wakiwa na mababu wanaosema nao. Akarudi kwao akiwa na nywele nyeupe, akatafuta wake.

Kwa simulizi yake mwenyewe, aliwapata New Forest: kundi dogo la watu waliomwambia kwamba wao ni mabaki ya dini ya kale ya Ulaya, iliyokuwapo kabla ya Kanisa, ikajificha karne nyingi wakati wachawi wakinyongwa na kuchomwa moto. Walimwabudu Mungu mwenye pembe na Mungu wa kike wa mwezi. Walikutana mwezi mpevu na nyakati za kubadilika kwa majira. Dini hiyo leo inaitwa Wicca, na ina wafuasi Uingereza, Marekani, Australia na kwingineko.

Gardner alitaka kuiandika. Kizuizi kilikuwa sheria. Uingereza ilikuwa bado na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735, na si kwamba ilikuwa imelala: mwaka 1944, katikati ya vita, mwanamke aliyeitwa Helen Duncan, aliyedai kuzungumza na wafu, alifungwa jela kwa sheria hiyo. Wakati huohuo maafisa wa kikoloni hapa kwetu waliwakamata watu kwa uganga na kuwaita washenzi. Mahakama za London nazo ziliwafunga waganga wao. Ningependa watoto wetu wafundishwe jambo hilo darasani.

Kwa hiyo Gardner alijificha ndani ya riwaya. Mwaka 1949 alitoa kitabu cha hadithi, akakitia jina lake la siri, Scire, na ndani yake akaweka vipande vya ibada. Mwaka huohuo wa 1949, jijini London, kilitoka kitabu kingine kidogo: *Talking Drums of Africa*, kilichoandikwa na John Carrington wa Yakusu. Waingereza wawili, misitu miwili, majando mawili, mwaka mmoja. Mmoja aliandika kilichosemwa na watu waliokuwa hai mbele yake. Mwingine aliandika kile alichosema alikipokea kwa waliokaribia kwisha.

Mwaka 1951 Bunge lilifuta sheria ile ya 1735. Gardner hakungoja tena. Mwaka 1954 alichapisha *Witchcraft Today* kwa jina lake halisi, na utangulizi ukaandikwa na Margaret Murray, profesa aliyekuwa ameshikilia tangu mwaka 1921 kwamba wachawi wa Ulaya walikuwa dini kamili. Magazeti yakamkimbilia. Akapokea wageni kwenye jumba la makumbusho la uchawi huko Castletown, katika kisiwa cha Man, mzee mwenye ndevu zilizochongoka na bangili nzito, akieleza, akiwaingiza wanafunzi.

Mwanafunzi wake aliyekuwa na akili kali kuliko wote alikuwa mwanamke, Doreen Valiente, aliyeingizwa mwaka 1953. Gardner alimwonyesha Kitabu cha Vivuli, daftari la ibada ambalo kila mwanachama alilinakili kwa mkono wake, na ambalo wanafunzi waliamini limeshuka kutoka kale. Valiente alikuwa msomaji mkubwa. Akasoma ukurasa mmoja, akasoma mwingine, na kadiri alivyosoma maneno yakazidi kumwita. Alikuwa ameyaona mahali.

Akakumbuka wapi. Hayakuwa ya kale hata kidogo. Yalikuwa ya Aleister Crowley, mwandishi wa mambo ya uganga aliyekufa mwaka 1947, ambaye sifa zake zilikuwa mbaya kiasi kwamba jina lake peke yake lingeizika dini nzima.

Valiente alimkabili mwalimu wake.

SEHEMU YA NNE

Gardner hakukana. Alisema kwamba alichokipokea New Forest kilikuwa vipande vipande, naye ilibidi ajaze mapengo kwa alichokipata. Kisha akamwachia kazi: kama anaweza kuandika vizuri zaidi, aandike yeye. Valiente akaandika. Akaondoa sehemu kubwa ya Crowley, akatia ushairi wake, na maombi mengi yanayosomwa na wafuasi wa Wicca mpaka leo ni ya kalamu ya mwanamke huyo. Mwaka 1957 waliachana, yeye akiona mzee amependa mno magazeti.

Baadaye wanahistoria, Ronald Hutton akiwa mbele yao kwa kitabu chake cha mwaka 1999, walifuatilia nyuzi zote, na hawakupata mnyororo unaotoka kwa wachawi wa kale hadi New Forest. Mimi simdharau Gardner kwa hilo. Nikimfikiria nasikia huzuni. Huyu alikuwa mtu aliyefika nyumbani kwa mababu akakuta majivu, akaanza kujenga upya kwa kukisia milango ilikuwa wapi. Watu wake walikuwa wamechoma na kunyonga hadi hakuna aliyebaki wa kumuuliza.

Turudi mtoni. Mwaka 1954, uleule wa *Witchcraft Today*, mwandishi wa gazeti la Marekani alimkuta Carrington Yalemba, chini zaidi ya mto, upande wa Basoko ambako maji ya Aruwimi yanaingia katika Kongo. Alikuwa akiongoza shule. Mchana alipotembea msituni, mkewe alimwita chakulani kwa lokole, kwa jina lake lote, roho wa msituni, arudishe miguu nyumbani, naye alirudi. Lakini vijana wa shule yake walikuwa hawajui. Wengi wao hawakuwa hata na jina la lokole. Yeye, mgeni, alikuwa akiwasihi watoto wa Walokele wajifunze kwa babu zao, nao walitaka Kifaransa, na kazi mjini Stanleyville.

Ndipo ukafika mwaka 1964.

Tarehe 12 Februari, Gardner alikuwa melini akirudi kutoka Lebanoni. Alikuwa mezani akila kifungua kinywa moyo ulipomwishia. Alizikwa Tunis, na hivyo mwalimu mkuu wa wachawi wa Uingereza amelala katika udongo wa Afrika.

Stanleyville, ambayo ilikuwa haijaitwa Kisangani, ilikuwa na chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka uliotangulia, ambacho siku moja kingekuwa na Carrington miongoni mwa walimu wake. Vijana waliokuwa na bahati waliingia humo. Wasio na bahati, waliosoma kidogo na kukosa kazi, ambao libeli ilikufa kabla hawajazaliwa, walikuwa maelfu, hawana jando na hawana mshahara.

Agosti walikuja waasi walioitwa Simba. Waganga wao walikuwa na jando la haraka. Kijana alichanjwa chale kwenye paji la uso na kifuani, ikapakwa dawa ya unga, akanyunyiziwa maji, akapewa masharti. Asiguse mwanamke. Asimshike mkono asiyeingia. Asigeuke nyuma wala pembeni akienda vitani. Atembee mbele akipaza sauti, Mai Mulele, maji ya Mulele kiongozi wa waasi, na risasi itakuwa maji. Msomaji wa Tanzania atayakumbuka maji ya mganga Kinjikitile, ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Kilichochukua majuma na miezi msituni, mbele ya wazee wanaomjua kijana kwa jina la baba na kijiji cha mama, sasa kilimalizika asubuhi moja, mikononi mwa mtu asiyemjua, na mwishoni mwake alipewa mkuki au bunduki.

Tarehe 4 na 5 Agosti 1964 kikosi cha Nicolas Olenga, kamanda wa Simba, kiliingia mjini. Wanajeshi wa serikali walikuwa na silaha nzuri zaidi, lakini nao waliiogopa dawa ile, wengi walikimbia. Septemba ikatangazwa Jamhuri ya Watu. Mbele ya mnara wa Lumumba, Wakongomani waliojua kusoma na kuandika, makarani na wanasiasa, waliletwa mmoja mmoja kuuawa hadharani. Wageni weupe wakakusanywa kuwa mateka.

Wazee waliokuwa bado na vijiti vya lokole walikuwa vijijini kando ya mto, kutoka Yakusu hadi Basoko.

Alfajiri ya Jumanne, tarehe 24 Novemba, ndege za Marekani zilitokea chini chini juu ya uwanja wa Simi-Simi, na makomando wa Ubelgiji wakaanza kushuka kwa miavuli. Mjini, Simba waliwatoa mateka kama mia mbili na hamsini katika hoteli ya Victoria, wanaume, wanawake na watoto, wakawaswaga barabarani. Ikatoka amri waketi chini katikati ya njia.

Waliketi. Mbele yao vijana wenye chale usoni walisimama na bunduki, wengine kumi na sita, kumi na saba. Kutoka upande wa uwanja mlio wa bunduki ulikuwa ukikaribia, mtaa kwa mtaa. Masharti ya dawa yalisema wasigeuke nyuma. Mmoja wao akageuka.

*Itaendelea wikiendi ijayo.*